Kabla hujakubali kupigiwa window, muulize fundi inaumwa nini

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, PC ya nyumbani inastaki kila nikifungua folda, fundi anasema tupige window, nimpe hela?" Kupiga window, yaani kufuta Windows na kuiweka upya. Nikamjibu usimpe hata mia, kwanza akwambie inaumwa nini. Hilo swali mafundi wengi wa mtaani hawalipendi kabisa. Kompyuta nzito, piga window. Haiprinti, piga window. Sauti haitoki, window. Halafu ugonjwa ukirudi unaambiwa diski imekufa nunua nyingine, na ile hela ya mwanzo hakuna anayeikumbuka.

Mimi nina ushahidi wa nyumbani kwangu. Desktop yetu ni ya mtumba, Windows 10, watoto wanafanyia homework na mimi napigia kazi zangu za usiku, ikaanza vituko. Unafungua folda, kitu kizima kinaganda kama nusu dakika, halafu kinaendelea utadhani hakuna kilichotokea. Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha nani anaitumikisha mashine, inasema diski iko 100% ila spidi pembeni ni 0 KB/s. Hapo ndo pa kutumia akili. Kama diski iko 100% na kweli inasoma vitu, kuna programu inaikamua, itafute uizime. Lakini 100% bila kusoma chochote maana yake inasubiri kitu, na window mpya nayo itakuja kusubiri hapohapo.

Jirani yangu mmoja anayejua kompyuta akapita, akaangalia dakika mbili, "hii piga window tu." Nikamkaribisha chai, nikamwambia asante.

Alipoondoka nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika eventvwr, nikaingia Windows Logs halafu System. Maonyo ya njano yamejipanga, namba 129, yanasema "Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued". Yaani Windows imeiita diski, diski kimya, ikabidi iipige reset. Nikashusha CrystalDiskInfo, ni ya bure, inasoma ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Nikakimbilia mistari miwili, 05 na C5, ule wa kwanza ni sehemu zilizokufa zikahamishwa, wa pili ni zile zilizo mahututi. Yote sifuri, nikapumua. Ila mstari wa C7, UltraDMA CRC Error Count, ulikuwa umepanda, na kesho yake nikaangalia tena umepanda zaidi. Huo unahesabu data zinazoharibikia njiani kati ya diski na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Njiani! Na njia yenyewe ni waya.

Nikazima, nikachomoa umeme, nikafungua kava. Waya wa SATA, ule bapa mwekundu, kichwa chake upande wa mazabodi kimekunjwa na kava, hakina kile kichuma cha kubana, ukigusa kwa kidole kinacheza kama jino la mtoto. Nikachomoa waya kwenye mashine mbovu iliyokuwa stoo nikabadilisha. Gharama sifuri. C7 haishuki hata ukibadilisha waya, usije ukaogopa, cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda, na yangu mpaka naandika hapa imesimama palepale.

Sasa ule waya ulikuwa umeshaharibu mafaili ya Windows, Start ilikuwa haifunguki. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, kama adimini, andika chkdsk C: /f, hiyo inakagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili kwenye diski, kubali kwa Y, restati. Ikirudi andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ndo sfc /scannow. Watu wanaanza na sfc wanasema haifanyi kazi. Sfc inachukua mafaili mazima kutoka stoo ya Windows iliyomo humohumo kwenye mashine, stoo ikiwa imeoza itakuletea nini? DISM ndo inakarabati stoo, na inachota kutoka Windows Update kwa hiyo uwe na bando. Ikistaki kwenye 62.3% iache, usiizime. Ila kama 05 au C5 sio sifuri, usianze na chkdsk, kwanza hamisha vitu vyako, maana inaweza kuimaliza diski iliyochoka.

Start ikafunguka, programu zote zipo, pasiwedi zipo, hata homework zipo. Jirani nimeshamuonyesha, kasema "una bahati." Bahati gani wakati nilisoma maonyo moja moja!

Na kuna watu wanapigiwa window kwa sababu ya kibetri cha kutunza saa kilichokwisha tu. Kompyuta ikizimwa umeme saa inarudi nyuma miaka, ukiwasha tovuti zote zinagoma kwamba sio salama. Ni CR2032, kile cha duara kwenye mazabodi, kinauzwa kwenye maduka ya saa.

Sisemi window isipigwe kabisa. Virusi vikishaingia mpaka kwenye mifupa, au umeweka diski mpya, piga. Ila iwe imeshindikana kweli, na vitu vyako viwe vimeshatolewa. Kuna fundi miaka ya nyuma alinifomatia C na D zote bila kuniuliza, zikaenda picha za harusi ya dada yangu, na juu yake akanijazia muvi za zawadi. Muvi ndo zilizonimaliza, kwa sababu diski ya kuzunguka ikifomatiwa haraka picha mara nyingi bado zimo, unaweza kuzivuta na programu kama Recuva ukichomeka diski kwenye mashine nyingine, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, sahau, mara nyingi inajifuta yenyewe.

Kwa hiyo ukimpelekea mtu mashine yenye shida ya kuwaka au kujizima, chomoa diski ibaki nyumbani, anaweza kupima RAM na pawa saplai bila hiyo. Akisema lazima aione, aje afanyie sebuleni kwako na wewe umekaa pembeni.