Maini ya bucha yenye minyoo, na dawa ya ng'ombe unayotaka kumnywesha mtoto

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Uyole hapa Mbeya. Wiki iliyopita nilinunua maini nusu kilo, wakati nayakata nikaona vidude bapa kama majani, rangi ya kahawia, vinatoka kwenye mirija. Nikakata ile sehemu nikatupa, yaliyobaki nikayakaanga yakaiva tukala wote. Siku ya tatu nikaanza kuhisi inavuta hapa chini ya mbavu upande wa kulia. Jirani yangu anafuga, amenipa nusu chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, anasema yeye mwenyewe akijisikia vibaya huwa anakunywa kifuniko kimoja. Kuna mtaalamu mwingine amenipima na ile mashine ya kushika chuma mkononi, akasema ini limejaa minyoo, anataka laki moja na themanini ya kulisafisha. Naomba unisaidie, hiyo dawa ya ng'ombe dozi yake kwa mtu mzima na kwa mtoto wa miaka sita ni kiasi gani? Au ninunue tu albendazoli dukani?

JIBU: Marahaba mama, pole na hofu. Hiyo dawa ya ng'ombe usinywe na mtoto usimpe hata tone, na kama kuna aliyeshaionja hapo nyumbani nendeni hospitali leo na chupa yake mkononi. Mengine tuongee taratibu, maana swali lako naletewa kila mara, na kila anayeleta anakuwa ameshaitia hofu familia nzima na hela ameshaitoa mahali.

Mi ni daktari wa mifugo, maini ndo kazi yangu ya asubuhi machinjioni. Ng'ombe akishafunguliwa nalishika ini nalipapasa kwanza kwa vidole, alafu nalikata upande wa ndani pale mirija ya nyongo inapopita. Ini lenye minyoo ya siku nyingi unalijua kabla hujaona mnyoo hata mmoja, kisu kinakwaruza, unasikia kabisa krr krr, kwasababu mirija imeshakuwa migumu, imejaa chokaa, ukiikamua inatoka nyongo nyeusi nzito na hao minyoo wamejikunja humo, wengine ukiwanyoosha wanapita sentimita tano. Huku kwetu nyanda za juu kusini siyo jambo la ajabu, ni moja ya sababu kubwa za sisi kutupa maini. Kwaiyo ulivyoshtuka nakuelewa kabisa.

Ila kitu kinachonichosha kuliko vyote ni hiki: watu wanaamini minyoo ya ini inapatikana kwa kula ini. HAIPATIKANI HIVYO. Mnyoo uliyemuona wewe ni mkubwa, safari yake imeishia pale, kazi iliyobaki ni kutaga mayai tu. Ukimkaanga amekufa na tumbo linamsaga pamoja na hayo maini. Na mayai yake hata yakiingia tumboni mwako hayawezi kukua kuwa minyoo humo, lazima yatoke na kinyesi yaingie kwenye maji, yaanguliwe humo, kijidudu kimtafute konokono wa majini, kizaliane ndani ya konokono kwa wiki kadhaa, alafu watoke wengine wanaogelea wakajigandishe kwenye majani yaliyomo majini au pembezoni, wajifunge kwenye kijifuko kigumu kidogo mno ambacho wewe kwa macho hukitambui. Hicho kijifuko ndo kinaambukiza. Ng'ombe anakipata kwa kula majani, na mtu anakipata hivyohivyo, kwa majani mabichi au maji ya kijito ambayo hayajachemshwa.

Mtu ataniuliza, sasa kama hayana shida mbona mnayatupa? Tunayatupa kwasababu ini limeharibika, siyo chakula cha kumuuzia mtu, na hatutaki yale mayai yarudi mabondeni. Hayo maini hayakutakiwa kufika bucha, kwaiyo muulize huyo muuzaji nyama yake ilikaguliwa wapi, na kama anababaika mwone afisa mifugo wa kata, una haki hiyo. Na maini mabichi au ya nusu kuiva ni kesi nyingine, hayo usile kabisa. Ila yako uliyakaanga yakaiva. Watoto wako hawajapata minyoo ya ini kwa yale maini, lala usingizi.

Kinachoniuma sasa, mtu huyohuyo aliyetupa maini jalalani kwa woga, jioni anakaa na kachumbari yenye majani ya saladi yaliyochumwa bondeni asubuhi na wala hajiulizi. Nendeni mkaangalie vinyungu, yale mashamba ya mabondeni, kule Kilolo, Mufindi, Njombe, au haya mabonde yetu ya Mbeya. Kiangazi milimani majani yamekauka, ng'ombe wote wanashuka bondeni, wanakunywa palepale, wanajisaidia palepale, na mfereji unatoka palepale unaenda kwenye matuta ya mboga. Inama ugeuze jani lililozama kwenye ule mfereji, unamkuta konokono amejibandika, mdogo tu, gamba lake jembamba ukilibonyeza linavunjika. Na hii minyoo iko ya aina mbili, mmoja wa maeneo ya joto na mwingine wa milima yenye baridi, na sisi mazingira ya wote wawili tunayo, Usangu kule chini na Kitulo kule juu.

Mboga ya kupikwa haina tatizo, chainizi, figiri, spinachi, ikichemka vizuri kile kijifuko kinakufa. Shida ni mbichi. Ndimu na siki msizitegemee, na kusuuza kwenye beseni hakutoshi kwasababu kimejigandisha kwenye jani. Saladi ya bonde ambalo ng'ombe wanafika usile mbichi, basi. Maji ya kijito chemsha. Na watoto wanaochunga wanaotafuna mabua ya nyasi za majini, wakatazeni, hapo ndo pa kuogopa.

Sisemi ugonjwa huu kwa binadamu haupo. Upo. Bolivia kule milimani unasumbua sana, Peru na Misri pia. Iran mkoa wa Gilan mwaka 1989 waliugua watu zaidi ya 10,000, na chanzo kilikuwa majani mabichi wala siyo maini. WHO wanakadiria walioambukizwa duniani hawapungui milioni 2.4 kwenye nchi zaidi ya 70, na hata hapa Tanzania wagonjwa wameshapatikana, Arusha. Ndo maana nakasirika watu wakiogopa kisichoambukiza na kukiacha kinachoambukiza.

Tuje kwenye maumivu yako. Siku tatu baada ya maini haiwezi kuwa ni hii minyoo. Mtu akimeza kile kijifuko, mnyoo mchanga anatoboa utumbo, anatafuta ini, analichimba kwa wiki kadhaa, hapo ndo inakuja homa, maumivu kulia, wengine ngozi inatoka mabaka ya kuwasha, na kwenye damu seli nyeupe za aina ya eosinofili zinapanda sana. Mayai yanakuja kuonekana kwenye choo baada ya miezi mitatu minne hivi. Kwaiyo mtu aliyeambukizwa kweli anaweza kupima choo mwezi wa kwanza asikutwe na kitu. Na wewe uliyekula maini juzijuzi unaweza kupima yakaonekana mayai, kumbe yamepita tu na chakula, yametoka kwenye ini la ng'ombe hayakutagwa ndani yako, na mtu wa maabara asiyejua ulikula nini anakuandikia unaumwa. Mwambie ulikula maini. Kaa wiki nzima hujayagusa ndo utoe choo upimwe.

Lakini upande wa kulia unauma kwa mambo mengi: mawe kwenye nyongo, homa ya ini, jipu la amiba, vidonda vya tumbo. Hayo siyo yangu mimi wa ng'ombe, nenda hospitali ya wilaya wakupime damu na ultrasaundi, usikae nyumbani unajipapasa.

Albendazoli ya dukani inafaa kwa minyoo ya kawaida ya tumboni, huyu wa ini kwa binadamu haimwezi. Prazikwanteli, ile wanayogawiwa wanafunzi kwa ajili ya kichocho, haimwezi pia. Watu wengi hawalijui hili, wanameza dozi mbili tatu wanasema dawa imegoma. Dawa yake ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, unameza mara moja, wengine daktari anawaongezea dozi ya pili. WHO wanaitoa bure kupitia wizara za afya, na anayeiandika ni daktari wa binadamu akishathibitisha ugonjwa, siyo jirani.

Na huyo jirani atakwambia mbona hiyo dawa hata ng'ombe wanapewa. Ni kweli ipo ya ng'ombe. Ila kwenye chupa yake unajua kuna nini? Chupa za maduka ya mifugo zina vitu tofauti tofauti, levamisoli, oksiklozanaidi, nitroksinili, klosanteli, na vipimo vimepigwa kwa mnyama wa kilo mia mbili, mia tatu. Lithuania mwaka 1993 wanawake 11 walipewa klosanteli kwa makosa, ilikuwa imekuja na msaada wa dawa, wakadhani ni ya binadamu, wakapoteza uwezo wa kuona kwa muda. Wanawake wazima hao, na walipewa hospitali. Alafu wewe unaniuliza kifuniko kwa mtoto wa miaka sita! Jirani kunywa akapona haina maana ilimtibu, huenda hakuwa na mnyoo wowote, amepona mafua yake.

Huyo wa mashine sasa. Mama, mnyoo wa ini anatambulika kwa yai lake kwenye maikroskopu, kwa kinga ambazo mwili unatengeneza dhidi yake kwenye damu, au kwa picha ya ini na mirija. Kwa kushika chuma hatambuliki, ile mashine ingempima na ng'ombe aliyekufa ingetoa majibu. Hajawahi kukwambia huna kitu, na hatakwambia, maana anauza dozi. Na hiyo ya kusafisha ini naijua, mafuta ya zeituni, ndimu na chumvi ya kuharisha usiku, asubuhi unatoa vijiwe vya kijani laini, anakwambia umeona, uchafu wa ini huo. Siyo uchafu wa ini. Ni yale mafuta uliyokunywa yamegeuka sabuni humo tumboni, viweke juani uone vinavyoyeyuka, jiwe la nyongo haliyeyuki juani. Laki moja na themanini ni ada ya mtoto, ni mbolea ya shamba.

Wanakutisha na video za kwenye magrupu ya WhatsApp pia, minyoo ya ini inaleta kansa. Kuna minyoo ya ini ya Asia, Thailand na majirani zake, inapatikana kwa kula samaki wabichi wa maji baridi, hiyo kweli ilitangazwa mwaka 1994 kuwa inasababisha kansa ya mirija ya nyongo. Ni mnyoo mwingine kabisa. Huyu wa ng'ombe wetu hayumo kwenye orodha ya minyoo inayoleta kansa, ila muuza dawa anakata kile kipande cha video kinachomfaa anakurushia, na watu wanalipa. Nimewaona waliokuja wamechelewa, mtu ana macho ya njano miezi, anakunywa mizizi ya kusafisha ini, kumbe ana jiwe limeziba mrija wa nyongo na angefanyiwa upasuaji mapema. Mtu yeyote anayekupimia ini na kukuuzia dawa ya ini palepale kwenye kiti kimoja, toka hapo.

Na ninyi mnaofuga na kulima vinyungu sehemu moja, kazi iko kwenu kuliko kwa huyu mama. Ng'ombe wasiingie kwenye kijito kinachomwagilia mboga, wekeni hata uzio wa miti, wachoteeni maji wanywe kwenye mbauti, yaani hori la maji. Samadi iozesheni kabisa kabla hamjaipeleka kwenye tuta. Kunywesha dawa msisubiri ng'ombe akonde na kuvimba taya, ongeeni na mtaalamu wa mifugo wa kijiji mpange mara ngapi kwa mwaka na dawa ipi, kwasababu zile za bei rahisi nyingi zinaua mnyoo mkubwa tu, wale wachanga wanaochimba ini wanabaki, na baada ya wiki chache mayai yanarudi kwenye maji yaleyale.