Leaf Mbili za Mwaka Mmoja, Kilomita Tofauti: Soma Hapa Kabla Hujalipa

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Kakamega aliniandikia. Pesa anazo, sacco imemkubalia mkopo, na ameamua kuachana na petroli. Akanitumia matangazo mawili ya Nissan Leaf, gari la umeme, zote za mwaka wa 2018, zote za betri ya kilowati-saa 40. Tangazo la kwanza linasema kilomita 400 kwa chaji moja. La pili linasema 322. Ile ya 400 ni ghali zaidi, naye anauliza kama aongeze pesa apate "ile yenye betri nzuri".

Nilimpigia simu papo hapo, sikungoja hata chai ipoe. Swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma, na nitawaeleza kwa nini. Kwanza jibu.

Mwalimu, hakuna betri nzuri wala mbaya hapo. Ni gari lile lile na betri ile ile. Kilichobadilika ni kipimo. Leaf ya 40 ilipotoka Japani mwishoni mwa 2017, Wajapani walikuwa wakitumia kipimo kinachoitwa JC08, na kwa kipimo hicho ilipata kilomita 400. Baadaye Japani ikahamia kipimo kiitwacho WLTC, na gari lile lile likaandikwa 322. Ulaya waliipima kwa kipimo chao kipya, WLTP, ikapata 270, kwa sababu wao wanaingiza na mwendo wa kasi wa barabara kuu ambao Wajapani wameuacha nje. Wamarekani, kupitia shirika lao la EPA, walitoa maili 151, yaani kilomita 243. Mtungi ni mmoja, vikombe vya kuchotea ndivyo tofauti. Mwenye yadi anachukua kikombe kinachompendeza na kukibandika kwenye kioo cha mbele.

Mimi huwaambia watu: ukitaka namba ya kupangia maisha yako, shika ile ya Marekani. Kwa barabara zetu za huku, kati ya Kisumu na Kakamega, ndiyo iliyo karibu na ukweli. Hizo nyingine ni za kuuzia.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, maana wengi mnadhani mwaka wa gari ndio unaowaambia kilomita. Sivyo, na Leaf ndiyo shahidi mkubwa. Ya kwanza ilitoka Desemba 2010 na betri ya kilowati-saa 24, ikaandikwa kilomita 200 kule Japani. Novemba 2012 ikafanyiwa marekebisho: uzito ukapungua kilo 80 hivi, mota ikabadilishwa, chaja ikatolewa nyuma kwenye buti ikapelekwa mbele. Ikaandikwa 228. Betri? Bado 24. Kwa hiyo kilomita ziliongezeka bila betri kuongezwa hata uniti moja, yaani kilowati-saa moja.

Marekani ndiko utakakoshangaa zaidi. Leaf ya 2013 iliandikwa maili 75. Ya 2014 ikaandikwa 84. Ukisikia hivyo unafikiri wameongeza kitu. Hawakuongeza. Gari la 2013 lilikuwa na kitufe cha kuchaji mpaka asilimia 80 ili betri idumu, basi wapimaji wakachukua wastani wa maili 66 za chaji ya 80 na maili 84 za chaji kamili, wakapata 75. Mwaka uliofuata Nissan ikakiondoa kitufe hicho, na wastani nao ukaondoka. Nguvu za gari ni zile zile, namba imepanda, na aliyenunua ya 2014 amekosa kitufe kizuri alicho nacho yule wa 2013, bila hata kujua. Inaniudhi kila nikiiona ile ya 2014 ikisifiwa kuwa "inaenda mbali kuliko ya mwaka uliotangulia".

Halafu kuna jambo lililowaumiza watu wa huku hasa. Desemba 2015 Japani ilileta betri ya 30, lakini ile ya 24 haikuacha kuuzwa. Zilikaa sokoni pamoja. Kwa hiyo Leaf mbili za 2016, rangi moja, umbo moja, namba za chesisi zote zikianza na AZE0, moja inaweza kuwa ya 24 na nyingine ya 30. Kwa kipimo cha Kijapani, 228 dhidi ya 280. Logbook ya Kenya haitakuambia. Na BMW i3, gari jingine la umeme, ni hadithi ya aina hiyo: 22, halafu 33, halafu 42, nafasi ya betri ikibaki ile ile chini ya gari.

Sasa kile kinachouma.

Nina kaka yangu Nakuru. Aliona ninavyosambaza dawa za mifugo kwa Leaf yangu ya kwanza, ya 24, kutoka Kisumu hadi Vihiga na Kakamega, akaona risiti zangu za tokeni, akatamani. Mimi nilikuwa nimelikagua langu mwenyewe kabla ya kulipa, betri na yote, na nilikataa magari mengi mpaka wakala akanichoka. Kaka hakunisubiri. Alienda kwenye yadi moja, sitaitaja, akaonyeshwa Leaf ya 2014 yenye vijiti vyote 12 kwenye dashibodi. Mnaoijua Leaf mnajua vile vijiti vidogo vya pembeni, vinavyoonyesha afya ya betri. Vikiwa 12, betri iko vizuri. Kile cha kwanza huanguka afya ikishuka chini ya asilimia 85 hivi, na vinavyofuata huanguka kila inapopungua asilimia 6 na kidogo. Akaona 12, akalipa.

Wiki chache baadaye vijiti vikaanza kuanguka. Kumi na moja. Kumi. Tisa. Akarudi yadi, akaambiwa ni milima ya Nakuru inakula betri. Milima haili vijiti hivyo, jamani. Nilipofika kwake nikachomeka kile kifaa kidogo cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, nikafungua programu ya LeafSpy kwenye simu. Humo kuna Ah, namba inayoonyesha betri inabeba kiasi gani: betri ya 24 ikiwa mpya husoma Ah 66 hivi. Yake ilisoma 46. Asilimia 70. Haikufika hapo kwa wiki chache. Ilikuwa hapo tangu siku aliponunua. Kilichofanyika ni kompyuta ya betri kurudishwa mwanzo, iamini kwamba betri ni mpya. Ukweli hurudi polepole kadiri kompyuta inavyojifunza upya, na wakati huo muuzaji ameshakula pesa.

Aliliuza kwa hasara, leo anaendesha Probox. Na Desemba ile, tulipokutana nyumbani, mjomba alinisema mbele ya watu wote: "Wewe na stima zako mmemmaliza mwenzako." Sikujibu. Lakini sijasahau, na ndiyo sababu naandika mambo haya kwa urefu na nitaendelea kuyaandika. Gari la umeme halikumwangusha kaka yangu. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia na mtu aliyejua alichokuwa akifanya.

Nisiwaonee wauzaji wote. Kuna wakati vijiti hudanganya upande wa pili. Zile za betri ya 30, kompyuta zake zilikuwa zikionyesha afya inashuka haraka kuliko ilivyo kweli, na mwaka wa 2018 Nissan ikatoa marekebisho ya programu. Gari lililorekebishwa linaweza kurudisha vijiti kihalali kabisa. Kwa hiyo ukiuziwa ya 30, uliza kama marekebisho hayo yalifanywa. Ukiuziwa ya 24 ya zaidi ya miaka kumi yenye asilimia 100, kimbia.

Turudi kwenye barabara zetu, maana hakuna aliyepima gari Ahero. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari. Kericho iko juu zaidi kwa mita 900 hivi, umbali wa kilomita kama 80. Gari na watu na mzigo, tuseme kilo 1,800. Kuinua uzito huo tu kwenda juu kunakula uniti 4 na zaidi, kabla hujahesabu upepo na matairi. Mpaka Awasi ni tambarare, unajiona bingwa, dashibodi inakuahidi kilomita za kutosha. Ukianza kupanda kuelekea Kapsoit, ile ahadi inayeyuka mbele ya macho yako, kwa sababu dashibodi hukisia kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Haijui kuna mlima mbele.

Kwa hesabu zangu, uniti 15 kwa kila kilomita 100 za tambarare na mzigo wa kawaida, Kericho ni uniti kama 17 kwenda. Betri ya 24 ikiwa mpya, unayoweza kuitumia ni 21 hivi. Ikibaki na afya ya asilimia 75, una 16. Haifiki. Gari lile lile, mwenzako wa Kisumu anayelipeleka Kondele na Mamboleo atakuapia kwamba ni zuri sana, na hasemi uongo. Hii yangu ya sasa ni ya 40, afya yake iko juu ya 90, inanipeleka Kericho na kunirudisha bila kuchaji. Shemeji yangu aliyekuwa akiniuliza kama nimebeba waya mrefu wa kunifikisha, siku hizi petroli ikipanda ananiuliza nina safari lini.

Kurudi ni raha, mota inazalisha umeme ukishuka. Ila usichaji mpaka 100 ukiwa juu Kericho halafu uanze kuteremka. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, unabaki na breki za kawaida.

Na joto. Leaf hizi hazina maji ya kupooza betri, si ya 24, si ya 30, si ya 40. Betri inategemea hewa tu. Marekani, kuanzia modeli ya 2015, ilipata kemikali mpya inayostahimili joto, wale wapenzi wa Leaf huiita betri ya mjusi. Hapa Kisumu jua tunalijua. Gari lililojaa chaji asilimia 100 likashinda juani uwanjani linazeeka haraka kuliko lile la Nakuru lililo kivulini na asilimia 60. Mimi huchaji usiku, nikaacha 80 siku za kawaida.

Basi ukienda kununua, sikiliza ninachokuambia. Uliza betri ni ya uniti ngapi kabla ya kuuliza mwaka. Ukitajiwa kilomita, uliza zimepimwa kwa kipimo gani. Asiyejua, namba yake usiibebe. Nenda na kifaa chako cha OBD, usitegemee picha aliyokutumia. Halafu lipeleke mlimani. Kwa walio Kisumu, Riat inatosha. Mtu mmoja aendeshe, wewe ushike simu ufungue ule ukurasa wenye vijiti 96 vya seli. Tambarare vyote vinalingana kama nyasi zilizokatwa. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, vyote hushuka kidogo kwa pamoja. Seli iliyochoka hujitoa: kijiti kimoja kinazama chini ya wenzake, na mkiacha kupanda kinapanda tena kana kwamba hakikuzama. Hakuna anayeweza kukificha hicho kwa kurudisha kompyuta mwanzo. Rudia tena: uliza uniti, pima mwenyewe, panda mlima.

Kuhusu stima ya nyumbani, sina mengi. Kebo ya kilowati 3 ikichaji saa 8 za usiku inakupa uniti kama 24, na hiyo inamtosha mtu wa Kakamega kwenda Kisumu na kurudi. Betri ya 40 iliyoisha kabisa itataka zaidi ya saa 13, kwa hiyo usiiache iishe. Fundi wa umeme akuvutie laini yake peke yake, si ile soketi ya friji. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, iliweka mwaka wa 2023 bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku kabla ya kodi na tozo. Waulize Kenya Power kama mita yako inaweza kuingia humo.

Jambo la mwisho, kwa sababu nimeanza kuyaona matangazo yake. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imefunga mlango, Leaf za 24 unazoziona sasa ni zile zilizokuwa nchini tayari, na mafundi wengine wameanza kuzitoa betri na kuweka pakiti ya 30 au ya 40. Inawezekana, pakiti inaingia. Lakini kompyuta ya gari la zamani haielewi lugha ya pakiti mpya mpaka kiwekwe kifaa cha kutafsiri kati yao. Bila hicho huwezi kuziamini hesabu za dashibodi. Kwa hiyo ukiambiwa "imebadilishwa, sasa ni 40", mwombe fundi akuonyeshe kifaa hicho kilipo, kisha soma Ah. Pakiti ya 40 ikiwa mpya husoma 115 hivi. Ukisoma 60 na kitu, hiyo si ya 40, na bei isiwe ya 40.