Kulala na Gari-Nyumba Pwani ya Oregon: Tafuta Kinga ya Upepo Kabla ya Mandhari

Kila kiangazi kinapokaribia, Waswahili wenzangu tunaoishi kaskazini-magharibi mwa Marekani huniuliza ni wapi wanapoweza kulala karibu na bahari wakikodi gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mimi huwaelekeza pwani ya Oregon, yenye urefu wa maili 363, ambako barabara kuu namba 101 huambaa na bahari kutoka Astoria upande wa kaskazini hadi Brookings karibu na mpaka wa California. Hata hivyo, huwa siwaachi waende bila kuwasisitizia jambo moja: nafasi ya kuegesha ichaguliwe kwa kuzingatia upepo na unyevu, na mandhari yaje baadaye.

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa huijua bahari kuwa mahali pa joto, na ndiyo sababu hushangaa sana huku. Maji ya Pasifiki katika pwani hii huwa kati ya nyuzi 10 na 14 hivi za Selsiasi, na hata mwezi wa Julai hewa ya mchana haizidi sana nyuzi 20. Tena, kadiri bara linavyopata joto ndivyo pwani inavyopigwa na upepo, kwa sababu hewa moto ya huko bara hupanda juu na hewa baridi ya baharini huvutwa kuziba nafasi yake. Siku ambayo watu wa Portland, jiji lililo bara, wanalalamikia joto, tarajia upepo mkali wa kaskazini-magharibi pwani kuanzia adhuhuri hadi jua linapokaribia kuzama. Kwa hiyo matembezi ya ufukweni yafanyike asubuhi, nayo turubai ya kivuli iliyo ubavuni mwa gari ikunjwe kabla ya chakula cha mchana, hata kama wakati huo hakuna jani linalotikisika. Turubai ikishapinda vyuma vyake, utailipia kwa mwenye gari.

Nafasi zinazotazamana na bahari moja kwa moja ndizo zinazogombaniwa zaidi, nami naziona hazistahili purukushani hizo. Gari refu lililosimama ubavu dhidi ya upepo huyumba usiku kucha, mchanga hupenya kwenye reli za madirisha, na moshi wa moto wa kuni hukuelemea mwenyewe. Linganisha na hifadhi ya jimbo ya Jessie M. Honeyman, kusini mwa mji wa Florence, ambako nafasi zimefichwa katikati ya miti, kuna maziwa ya maji baridi, na vilima vya mchanga viko hatua chache tu. Kutoka hapo bahari huwezi kuiona, lakini utalala. Fort Stevens, hifadhi nyingine ya jimbo kule kaskazini, nayo ina kambi kubwa ndani ya msitu, na asubuhi unaweza kwenda ufukweni kutazama mabaki ya meli ya Peter Iredale iliyokwama mwaka 1906. Ukitaka lazima uione bahari, jaribu Harris Beach huko Brookings, kwani kusini kabisa mwa jimbo hali ya hewa huwa na upole kidogo.

Nafasi katika hifadhi za jimbo huweza kuwekwa miezi 6 kabla, nazo za Julai na Agosti huisha mapema, kwa hiyo usingoje. Wakati wa kuweka, angalia urefu unaoruhusiwa katika nafasi hiyo, na uangalie kama ina umeme na maji tu au ina bomba la majitaka pia.

Ukifika, usikimbilie kushusha viti. Wafikirie watoto kwanza: watakuwa wakipita upande gani kwa baiskeli, nawe utarudisha gari nyuma kwa upande upi? Kisha weka vibao vya kusawazishia chini ya matairi hadi gari litulie sawasawa, tia kabari, na baada ya hapo tu uunganishe umeme na maji. Kuhusu tangi la choo, wageni wengi huacha vali yake wazi kwa kuwa bomba limeunganishwa, na matokeo yake maji hutiririka yakaacha uchafu mzito umeganda chini. Ifunge mpaka tangi likaribie kujaa, lifungulie kwanza hilo la choo, halafu ufungulie tangi la maji ya kuoshea vyombo na kuogea ili yasafishe bomba. Vaa glavu.

Unyevu ndio adui wa kimyakimya. Familia ya watu wanne ikilala ndani ya gari lililofungwa kabisa, alfajiri madirisha hutiririka maji na magodoro huloa upande wa ukutani. Acha tundu la paa wazi kidogo hata penye baridi, na pilau, au kaa uliowavua, vipikiwe nje. (Wa kuanzia miaka 12 wanahitaji leseni ya kuvua kaa.) Usithubutu kutumia jiko la gesi kama kifaa cha kupashia joto, maana hewa yake ya sumu haina harufu.

Ufukwe ni wa watu wote kwa sheria iliyotiwa saini na Gavana Tom McCall mwaka 1967, lakini uhuru wa kutembea haumaanishi usalama. Usiipe bahari kisogo, kwani wimbi moja linaweza kupanda mbali zaidi ya yaliyotangulia bila dalili yoyote. Watoto wasipande magogo makubwa yaliyoletwa na maji, maana hata maji ya kimo cha kifundo cha mguu hutosha kuliinua gogo na kulibingirisha juu ya mtu.

Kuna pia tsunami. Chini ya bahari hii kuna ufa mkubwa wa Cascadia, ambao tarehe 26 Januari 1700 ulileta tetemeko lililopeleka mawimbi hadi Japani. Jioni ya kwanza, fuata kwa miguu alama za njia ya kukimbilia mlimani pamoja na familia yote, ili kila mmoja aijue gizani. Ardhi ikitikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu, usingoje king'ora wala usianze kuchomoa nyaya: liache gari, pandeni kwa miguu, na msirudi hadi wenye mamlaka watakaporuhusu.

Kuhusu barabara, madaraja marefu kama lile la Yaquina pale Newport hupigwa na upepo wa ubavuni, kwa hiyo yavuke polepole, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, na ikiwezekana kabla ya adhuhuri. Wenye magari madogo wakijipanga nyuma yako, ingia kwenye kiegesho cha pembeni uwapishe. Safari ikiisha, osha sehemu ya chini ya gari kwa maji mengi yasiyo na chumvi kabla ya kulirudisha, pamoja na bawaba za milango na ngazi, kwa kuwa chumvi huanza kula chuma kabla kutu haijaonekana.