Kwa wajumbe wa Malindi: zozaneni kabla ya kura, si baada yake

Salamu ndugu yangu wa Malindi. Umesema chama chenu kimeamua mgombea ubunge ateuliwe na wajumbe, si wanachama wote, na kwamba fununu zilizowafikia ni kuwa mwenyekiti atataka wajumbe waitikie "ndiyo" ukumbini basi, hakuna karatasi wala sanduku. Unauliza kama mna haki ya kukataa, na kama mkipuuzwa mtoke nje. Wengi waliokujibu kabla yangu wamesema tokeni. Mimi siungi mkono, na nina sababu. Nimewahi kuwa mjumbe wa chama huku Lamu, natokea upande wa Faza, na mambo haya nimeyaona kwa macho. Chama sikitaji, na wewe usikitafute, maana sikuja hapa kumchafua mtu.

Nianze na haki yenyewe. Ibara ya 91 ya Katiba inakitaka kila chama kidumishe demokrasia ndani yake, kwa chaguzi za mara kwa mara zilizo huru na za haki. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inaruhusu njia mbili za mchujo: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wapige kwa niaba yao. Kwa hiyo msimalize nguvu zenu kupinga kwamba ni wajumbe, hilo halali. Nguvu zote ziwekeni kwenye swali jingine: katiba ya chama na kanuni zake za uteuzi zinasemaje kuhusu namna wajumbe hao wanavyopiga kura? Kila chama kina kanuni hizo na hupeleka nakala kwa Tume ya Uchaguzi, IEBC. Zitafuteni leo. Katibu wa tawi akisema hana, mwandikieni barua ya kuziomba, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Zikisema kura ya siri, hapo mwenyekiti hana mamlaka ya kuigeuza kuwa kura ya sauti kwa kuwa muda umekwenda au ukumbi una joto.

Lakini kura ya siri au ya wazi ni vita ya pili. Ya kwanza ni orodha, na hiyo ndiyo watu wengi huipuuza.

Sisi mkutano wetu uliitwa mjini Amu, yaani Lamu mjini, saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Anayejua safari ya boti kutoka Faza, Siyu au Kizingitini, huko kisiwa cha Pate, ameshaelewa. Siku za bamvua maji huku hukupwa mnamo saa nne hiyohiyo ya asubuhi, na Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, unabaki matope na kijito chembamba. Boti yetu ilikaa hapo. Vijana walishuka wakasukuma, akina mama wamekaa na mabuibui yao yamelowa, na jua linapanda. Tulipofika gatini na kupanda hadi ukumbini, mlangoni tukaambiwa usajili wa wajumbe umefungwa. Waliopanga saa ile ni watu wa pwani, maji wanayajua kama sisi tunavyoyajua. Na kwenye orodha iliyobandikwa ukutani nikakuta, chini ya jina la wadi yetu, majina ambayo hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kuyasikia. Viti vyetu vilikuwa na watu.

Hapo kura imeshapigwa, ndugu yangu, hata kama sanduku bado halijafunguliwa. Nyinyi hamna Mkanda, lakini mna watu wa Jilore na Kakuyuni ambao nauli na barabara ni shida, na mna ukumbi mjini ambao watu wa karibu watawahi. Daini orodha ya wajumbe mapema, wadi kwa wadi, na mhakikishe kila aliyemo ni mwanachama kweli katika daftari la Msajili wa Vyama. Mtu anaweza kujikagua mwenyewe kupitia eCitizen. Daini pia saa ya kufunga usajili iandikwe kwenye barua ya mwaliko, na iwe saa inayomfaa anayetoka mbali.

Wala msidhani ni ushamba wa vyama vyetu. Wamarekani wameendesha mikutano ya wajumbe kwa karibu karne mbili na ugomvi wao ni huuhuu. Mwaka 1912, chama cha Republican kilikutana Chicago. Theodore Roosevelt alikuwa ameshinda sehemu kubwa ya kura za mchujo zilizopigwa majimboni, lakini rais aliyekuwa madarakani, William Taft, ndiye aliyekuwa na watu kwenye kamati iliyoamua ni mjumbe gani halali. Viti 254 vilikuwa na ubishi. Taft akapewa 235, Roosevelt 19. Baada ya hapo hesabu ya kura ilikuwa ni kutimiza ada. Roosevelt akajitenga na wafuasi wake, wakaunda chama chao, kura za upande wao zikagawanyika, na Novemba Woodrow Wilson wa Democratic akapita katikati.

Sasa kura ya sauti. Sisi tuliingia hatimaye, baada ya kelele nyingi pale mlangoni, ingawa si wote walioruhusiwa. Mwenyekiti akasimama, akataja jina la mtu mmoja, akasema wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukalipuka. Mimi nilikuwa nimeketi kando, nikageuka kutazama nyuma: waliopiga kelele kubwa kuliko wote ni vijana waliosimama ukutani, hawana beji ya mjumbe hata mmoja. Kisha akauliza wanaokataa, tukasema hapana, na kabla sauti haijaisha akapiga meza akasema jambo limepita. Mzee mmoja wa kwetu, mwalimu mstaafu, akasimama na katiba ya chama mkononi akaomba watu wahesabiwe. Akajibiwa, "Mzee, nimeshatoa uamuzi, keti."

Sauti haijulikani ni ya mjumbe au ya mpita njia, wala haiachi kumbukumbu ya kwenda kukaguliwa. Ndiyo maana anayejua hana idadi huipenda. Julai 2016, mjini Cleveland, wajumbe wa Republican waliokuwa hawamtaki Donald Trump walitaka kanuni za mkutano zipigiwe kura jimbo kwa jimbo, kila jimbo litaje hesabu yake. Walipeleka saini. Aliyekuwa kwenye kiti, mbunge Steve Womack, akaendesha kura ya sauti, akatangaza waliosema ndiyo wameshinda. Ukumbi ukachafuka. Baadaye akaeleza kwamba majimbo matatu yalikuwa yameondoa saini zao, kwa hiyo hayakufika saba yaliyotakiwa na kanuni. Sehemu ya wajumbe wa Colorado wakatoka nje. Tazama walichokuwa wakigombania: si jina la mgombea, ni namna ya kuhesabu. Na jibu walilopewa lilikuwa la kikanuni. Kwa hiyo mkipeleka saini, wekeni za ziada, na kila aliyetia sahihi awe tayari kusimama nayo akipigiwa simu usiku.

Kuna wanaosema basi watu wajipange foleni, kila mmoja aonekane. Nawaomba wakumbuke 1988. Kura ya mlolongo ya KANU, chama pekee cha wakati ule, ilipigwa mchana kweupe, watu nyuma ya picha za wagombea, na mlolongo mfupi ukatangazwa mrefu sehemu nyingi za nchi hii. Aliyepewa zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita moja kwa moja bila kwenda kwenye uchaguzi mkuu. Watu waliachwa na hasira ambayo chama chenyewe, mwaka 1990, kililazimika kuiitikia kwa kuuacha mlolongo.

Na kwetu pwani siri ina uzito wake zaidi. Huku sote ni ndugu, mashemeji na majirani. Mwenye boti inayokubebea samaki amekaa safu ya mbele. Mwenye duka anayekukopesha unga hadi mwezi uishe ni mwanakamati. Nimewaona akina mama wenye msimamo mkali nyumbani, wamefika ukumbini mkono hauinuki, na siwalaumu hata kidogo. Mtu wa namna hiyo akipewa karatasi, kalamu na pembe iliyozibwa kwa shuka, ndipo utajua anamtaka nani.

Jambo jingine ambalo sijaona mtu amekuonya: karatasi ya nauli. Katikati ya mkutano hupitishwa karatasi, unaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, halafu unapewa pesa ya usafiri. Yetu ilipita imekunjwa juu, kichwa chake hakionekani. Dada mmoja wa Mbwajumwali akaikunjua. Iliandikwa kwamba waliotia sahihi hapo chini wamehudhuria na wameafiki uteuzi wa fulani. Wengi walikuwa wameshasaini. Someni kichwa cha kila karatasi kabla ya kalamu kugusa, na mkiona neno la kuafiki, andikeni pembeni mwa sahihi "nauli tu", kisha mpige picha.

Ndipo nafika kwenye kutoka nje. Kutoka nje kunawafaa wakubwa wenye pa kwenda. Oktoba 2002, KANU ilipomwidhinisha Uhuru Kenyatta kugombea urais pale Kasarani, Nairobi, bila ushindani, kina Raila Odinga waliojitenga walikuwa na Uhuru Park imejaa watu wakiwangoja, na siku ileile "Kibaki tosha" ikasemwa, yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea wa upinzani. Mjumbe wa wadi yenu ya Ganda akitoka nje anapanda tuktuk kwenda nyumbani, na huku nyuma kumbukumbu za mkutano zinaandikwa kwamba wote waliafiki, sahihi yake ya mahudhurio ikiwa ushahidi wa akidi, ile idadi ya chini inayofanya mkutano uwe halali. Kama kuondoka kwenu kunavunja akidi kweli, hesabuni vichwa kwanza, semeni kwa sauti kwamba akidi haipo, iandikwe, ndipo mtoke. La sivyo, bakini.

Sisi tulibaki. Mwalimu aliandika pingamizi palepale kwa mkono: kifungu gani kimekiukwa, saa ngapi, nani aliomba kuhesabiwa na akajibiwa nini. Wajumbe walioweza wakatia sahihi na wadi zao. Nakala moja tukamkabidhi katibu mbele ya watu. Alipokataa kuipokea, tukaliandika na hilo. Tukapiga picha orodha ya ukutani kabla haijabanduliwa, na walioachwa nje wakaandika maelezo yao siku hiyohiyo. Tukaenda kamati ya mizozo ya chama kwanza, maana sheria inataka uonyeshe umejaribu ndani ya chama kabla ya kwenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Kutoka Jopo, rufaa huenda Mahakama Kuu. Hatukufika huko. Kamati ilipoona picha ya orodha na ile karatasi ya nauli, iliamuru kura irudiwe kwa siri.

Tuliyemtaka alishindwa katika marudio hayo. Alishindwa kwa karatasi zilizohesabiwa mezani mbele ya mawakala wa pande zote, na yeye mwenyewe akaenda kumpa mwenzake mkono. Mimi baadaye nilimfanyia kampeni yule aliyeshinda, na sikuona haya.

Msisahau ulinzi wa sanduku. Februari 2014 wajumbe wa chama cha ODM walikuwa na masanduku pale Kasarani, na wanaume waliovaa suti nyeusi wakayapindua, uchaguzi ukavunjika. Kubalianeni mapema nani anakaa karibu na sanduku, nani mlangoni, na matokeo yatangazwe wapi.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mchujo ukianza siku huwa ni za kuhesabu. Lalamiko linalofika wiki mbili baadaye hukuta jina limeshapelekwa IEBC. Kwa hiyo barua ya kuomba kanuni na orodha iende wiki hii. Ukizipata, niletee hapa kifungu kinachohusu upigaji kura jinsi kilivyoandikwa, neno kwa neno, nitakuonyesha tulivyoandika pingamizi letu ulirekebishe kwa hali yenu.