Muziki mzito wa mwendo wa kobe: albamu za kuanzia

Ndugu yangu, umeuliza hapa jukwaani uanzie wapi na doom metal na stoner rock, yaani roki nzito ya polepole, ukasema albamu ya Dopesmoker ya bendi ya Sleep uliiweka kwenye simu usiku ukiwa zamuni bandarini, ukasinzia hata mwimbaji hajafungua kinywa. Walionitangulia kukujibu wamekumwagia majina ya bendi arobaini bila sababu hata moja. Mimi nitakupa machache na sababu zake. Kazi yangu ni spika: nafunga na kukarabati mitambo ya matatu na ya maharusi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na huu ndio muziki ninaojaribia woofa.

Kwanza hiyo simu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hulia kwenye hertz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na ule wa gitaa la besi hertz 41. Bendi hizi hulegeza nyuzi zishuke zaidi. Sleep walishuka mpaka noti ya C, kwa hiyo besi yao inagonga hertz 33 hivi. Kispika cha simu hakina habari na sauti hizo. Kilichokufikia ni mkwaruzo wa juu peke yake, yaani umepewa maganda embe limebaki kwa mwenyewe. Tafuta hedifoni za kufunika sikio zima, hata za mtumba, au kaa ndani ya gari la rafiki mwenye woofa ya maana. Bila hivyo, albamu zote ninazokutajia hapa zitakuchosha na utanilaumu bure.

Sasa anza na Master of Reality ya Black Sabbath, ya 1971. Najua watu wengi huelekezwa Paranoid ya mwaka mmoja nyuma yake, na ni albamu nzuri, lakini uzito unaoutafuta wewe umo humu. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, hupiga kwa mkono wa kushoto. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda kule Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule unaobana nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza zisimtese. Kwenye albamu hii alizishusha nusu-toni tatu katika nyimbo kadhaa, na Geezer Butler akashuka naye kwenye besi. Watoto waliokuja kuanzisha bendi za doom miaka ya themanini na tisini walikuwa wakifukuzia sauti hiyo, na wengi wao vidole vyao vilikuwa kamili.

Nikimaliza kubandika koni mpya kwenye woofa ya inchi 12, wimbo ninaouweka ni Into the Void, wa mwisho humo. Rifu ile nzito, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ikiingia, misumari iliyo ndani ya kopo juu ya meza inaanza kulia, na kama gundi ya pembeni haijashika sawasawa utasikia koni inakwaruza papo hapo. Nyimbo za matatu zina besi nyingi pia, lakini ile inapiga na kukata. Hii inakaa. Spika yenye hila haina pa kujificha. Mama mmoja anayekaanga viazi karai nje ya kibanda changu aliwahi kuchungulia akaniuliza, "Mwanangu, hiyo redio yako betri zimekwisha?" Sikuwa na la kumjibu, maana kusema kweli ndivyo inavyosikika.

Lakini usisikilize gitaa peke yake. Msikilize Bill Ward kwenye ngoma. Alipenda jazi, na hapigi kama fundi anayegonga msumari. Anabembea, anachelewa kidogo, anaacha nafasi. Hicho ndicho kipimo changu kwa muziki huu wote. Mtu yeyote anaweza kulegeza nyuzi na kupandisha amplifaya. Mpiga ngoma asipojua kukaa nyuma ya mdundo, unabaki na kelele za polepole, ambazo ni mbaya kuliko kelele za haraka kwa kuwa zinachukua muda mrefu kuisha.

Kutoka hapo ruka moja kwa moja mpaka Kyuss, Welcome to Sky Valley, 1994. Vijana wa Palm Desert, California, waliokuwa wakibeba jenereta hadi jangwani na kupiga huko usiku. Josh Homme alipitisha gitaa lake kwenye amplifaya za besi, ndiyo maana linasikika nene na lenye joto badala ya kukata masikio. Brant Bjork kwenye ngoma, Scott Reeder kwenye besi, na hao wawili wanatembea pamoja kama watu waliolelewa nyumba moja. CD yake ya mwanzo ilizifunga nyimbo katika mafungu matatu marefu ili usiweze kurukaruka, na nakuomba uisikilize hivyo hivyo. Wapo watakaokwambia Blues for the Red Sun ya 1992 ndiyo kubwa zaidi. Ina nyimbo kali, lakini inakatikakatika. Sky Valley inakwenda safari nzima. Ukitoka zamu alfajiri ukapata lifti ya kwenda Malindi, iwashe mkishapita Mtwapa, barabara ikiwa bado tupu.

Ndipo urudi kwa Sleep, ila uanze na Holy Mountain ya 1992, ambayo ina nyimbo za urefu wa kawaida na mapenzi ya wazi kabisa kwa Black Sabbath. Dopesmoker ni habari nyingine. Walisaini na kampuni kubwa ya London Records, wakaleta wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima, kampuni ikakataa kuutoa, bendi ikavunjika. Toleo la kwanza rasmi, lenye jina Jerusalem, lilitoka 1999 likiwa limefupishwa, na lile la dakika 63 likatoka 2003. Maneno yake ni hadithi ya msafara wa watu wa bangi wakivuka jangwa kuelekea Nazareti. Kabla hamjaniuliza: la, si lazima kuvuta chochote. Mimi naisikiliza na kahawa chungu na mambo yanakwenda. Mwimbaji anaingia baada ya dakika nane hivi, na aliyewahi kukaa akamngoja marehemu Zein l'Abdin wa taarabu azunguke na udi wake kabla ya kuimba hawezi kuniambia dakika nane ni nyingi. Kinachotokea ndani ya hizo nane ni rifu moja inayobadilishwa kwa unywele, mara ngoma imeongeza pigo moja, mara besi imeachana na gitaa kidogo. Ukiwa na hedifoni utayaona hayo. Ukisinzia tena, basi sinzia, si dhambi.

Waliobaki wa bendi hiyo, Al Cisneros na besi yake na Chris Hakius na ngoma, walianzisha Om, bila gitaa kabisa. Variations on a Theme ya 2005 ina nyimbo tatu tu, na Cisneros anaimba kwa sauti bapa ya mtu anayesoma uradi, neno juu ya neno, mpaka besi na maneno yanakuwa kitu kimoja. Kwa sikio la Mombasa nadhani hii ndiyo albamu rahisi kuliko zote nilizotaja. Nimeiweka dukani mbele ya watu wasiopenda roki hata kidogo na hakuna aliyeniambia nizime.

Upande wa doom wa kizamani, Saint Vitus, Born Too Late, 1986. Wamarekani wa Los Angeles waliokuwa wakipiga polepole wakati kila mtu mjini kwao anakimbia, tena chini ya lebo ileile ya SST iliyojaa bendi za hardcore, yaani punk ya kasi. Rekodi yenyewe ni duni, gitaa linasikika kama limerekodiwa chooni, lakini wimbo wa kwanza una ukaidi ambao sijausikia tena. Mwaka huohuo Sweden ilitoa Candlemass na Epicus Doomicus Metallicus, na hawa ni kinyume kabisa: sauti safi, mwimbaji mwenye kifua, nyimbo kama za kanisa kubwa. Johan Längqvist aliiimba akiwa mgeni tu, akaondoka, akarudi rasmi 2018. Kama unachopenda ni sauti ya mtu kuliko spika, pitia huku kwanza.

Electric Wizard wa Uingereza nitawataja kwa sababu nisipowataja nitatukanwa. Dopethrone ya 2000 imo kwenye kila orodha. Nimeisikiliza kwenye mitambo mingi, mikubwa na midogo, na kila mara gitaa linameza ngoma. Najua ndivyo walivyotaka, na Funeralopolis ni wimbo mkubwa. Albamu nzima lakini sijawahi kuimaliza kwa furaha. Kama unataka moshi na uzito huohuo ukiwa na nafasi ya kupumua, nenda kwa Acid King wa San Francisco, Busse Woods ya 1999. Dada anayeimba na kupiga gitaa humo hana haraka na mtu.

Halafu kuna majonzi. Hapa ndipo doom inanishika mimi hasa, na hapa sitaki kusema mengi kwa sababu ni ya mtu na moyo wake. Warning, bendi ya Kiingereza, walitoa Watching from a Distance mwaka 2006: nyimbo tano, hakuna mashetani wala makaburi, ni mwanamume anayeelezea mapenzi yaliyoharibika kwa sauti inayokaribia kupasuka. Usiiweke ukiwa umeachwa juzi. Pallbearer wa Arkansas, Sorrow and Extinction ya 2012, wana huzuni hiyohiyo lakini gitaa lao linafungua dirisha. Na Bell Witch wa Seattle, Mirror Reaper, 2017: wimbo mmoja wa dakika 83, besi na ngoma na kinanda kidogo. Mpiga ngoma wao wa zamani, Adrian Guerra, alifariki 2016 wakati kazi hiyo inaandikwa, na katikati ya wimbo wameweka sauti yake aliyokuwa ameiacha kwenye rekodi za nyuma ambazo hazikutumika. Hiyo iache mpaka uwe umezoea. Usiku, zamu ikiwa shwari, bila mtu wa kukusemesha.

Kuna aliyeandika kwenye mjadala huu kwamba huu ni muziki wa wazungu na hautuhusu. Mwambie atafute bendi ya WITCH ya Zambia, Lazy Bones!! ya 1975, au Amanaz na Africa ya mwaka huohuo. Rais Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa asilimia 95, nchi ilikuwa na fedha ya shaba, na vijana waliokuwa wakiwasikiliza kina Sabbath na Hendrix wakaanza kupiga vyao na gitaa lililojaa mkwaruzo. Bei ya shaba ikaanguka, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wa wanamuziki hao. Jagari Chanda, mwimbaji wa WITCH, alibaki, akaijenga bendi upya na kutoa Zango mwaka 2023. Si doom, ni nyepesi zaidi, lakini sauti ya gitaa la Amanaz ukiiweka baada ya Kyuss utadhani walikaa jangwa moja. Mimi huipigia wateja bila kuwaambia ni ya nani, wengi hudhani imetoka mwaka jana.

Na yule aliyetaja bendi ya Duma ya Nairobi: albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes naipenda sana, lakini huo ni mwendo wa bunduki, si huu tunaouzungumzia. Fungua mjadala mwingine, nitakuja kuchangia.