Re: Niache fizikia au jiografia mwaka huu wa mwisho?
Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: una masomo manne, unataka kubaki na matatu, na unasita kati ya fizikia inayokupa alama ndogo na jiografia unayoifaulu ila inakuchosha.

Kabla ya alama, soma sifa za kujiunga na kozi unayoitaka. Uhandisi kwa kawaida unadai hisabati na fizikia. Udaktari unashikilia zaidi kemia na biolojia, na mara nyingi fizikia pia. Hujasema unalenga nini, na jibu lako liko hapo hapo. Halafu muulize mwalimu wa taaluma siku ya mwisho ya kubadilisha usajili wa mtihani, usije ukaamua wakati dirisha limeshafungwa.

Mimi niliacha kemia kwa hasira, baada ya jaribio moja baya. Kumbe kilichonishinda ni mada moja tu, ile ya moli, na wiki mbili za kukaa nayo zingetosha. Bado inaniuma. Kwa hiyo chukua mitihani miwili ya nyuma ya fizikia, ifanye kwa muda uliopangwa, isahihishe bila kujionea huruma. Alama zikipotea kwenye mada mbili tatu, hilo linatibika. Zikipotea kila ukurasa, hasa kwenye hesabu za msingi, achana nayo mapema.

Wenzako wanaacha nini, hiyo si hoja. Mwalimu asiyekupenda naye si hoja, maana mwaka ujao hutakuwa naye.

Taja kozi na alama za hiyo mitihani miwili, tuendelee.