Nyasi mpya zinageuka manjano: tumwage urea?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Siku 12 zilizopita tulitandika ukoka wa mabamba, yaani nyasi zilizokatwa vipande pamoja na udongo wake, uani kwetu, eneo la mita za mraba 60. Wiki ya kwanza ulikuwa kijani kibichi, sasa unageuka manjano, hasa pembezoni mwa kila bamba na upande unaopakana na njia ya zege. Tunamwagilia kila jioni kwa mpira, robo saa hivi. Fundi aliyetandika anasema nyasi zina njaa, tumwage urea, na ameleta chupa ya dawa ya kuamsha mizizi. Jirani naye anasema tufunike na samadi. Tuanze na lipi?

JIBU: Marahaba. Msianze na lolote kati ya hayo. Urea ibaki ndani ya mfuko wake, na chupa mrudishieni mwenyewe. Kesho asubuhi nenda uani, piga goti kwenye bamba lililo manjano kuliko yote, shika pembe yake kwa vidole viwili na ulinyanyue taratibu. Hicho ndicho kipimo ambacho fundi wako alipaswa kukifanya kabla hajafungua kinywa kutaja mbolea.

Ukikuta bamba linanyanyuka kama mkeka, na udongo wa chini yake ni mkavu na una rangi iliyopauka, tatizo ni kiu. Ukikuta tope, harufu ya yai viza na mizizi ya kahawia inayoteleza, maji yamezidi na hayana pa kwenda. Ukikuta nyuzi nyeupe zimeshaanza kushika udongo wa chini na pembe inakugomea, basi sehemu hiyo inaendelea vizuri hata kama juu haipendezi.

Kwa maelezo yako, nina hakika ya kutosha kwamba utakuta ukavu. Hebu tupige hesabu. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mpira wako ukitazama saa. Tuseme inajaa kwa dakika moja na nusu. Kwa robo saa mpira huo unatoa lita 200. Zigawe kwa mita za mraba 60: kila mita inapata lita tatu na ushei. Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja, kwa hiyo mnanyeshea milimita tatu. Maji kiasi hicho yanalowesha sentimita mbili tatu za juu tu, na unene wa bamba lenyewe ni kama huo. Majani yanang'aa, mkono ukigusa unapata unyevu, lakini ardhi iliyo chini ya bamba haijaonja tone. Mzizi nao haushuki kwenye udongo mkavu. Unabaki umejikunja ndani ya bamba, na jua la mchana mmoja linatosha kuukausha.

Pembezoni hutangulia kwa sababu hapo bamba limekatwa na ubavu wake uko wazi. Likikauka linasinyaa, maungio yanafunguka, hewa inaingia na kukausha zaidi. Zege nalo hushika joto mchana kutwa na kulirudisha kwa nyasi zilizo jirani nalo. Njaa ingesambaa uani kote. Isingefuata mistari ya maungio na kingo za njia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kila wiki. Manjano si jina jingine la njaa. Bamba linapokatwa shambani, sehemu kubwa ya mizizi inabaki kule kule ardhini. Kinachokufikia ni majani mengi juu ya mizizi michache iliyokatwa. Mizizi ndiyo mdomo wa mmea. Aliyepoteza mdomo humponyi kwa kumrundikia chakula.

Na urea haikai tu ikisubiri. Karibu nusu ya uzito wake, asilimia 46, ni nitrojeni. Ikiyeyuka kwenye unyevu kidogo inafanya maji ya udongoni yawe makali kama ya chumvi, na maji makali huyavuta maji yaliyo ndani ya mizizi badala ya kuyaacha yaingie. Punje zikibaki juu ya jani lenye unyevu wakati wa joto, zinatoa amonia na kuliunguza hapo hapo. Nimeona ua ulioungua kwa mapinde, upinde baada ya upinde, kila mmoja ukiwa na upana wa mkono wa mtu anayerusha punje huku anatembea. Mwenye nyumba alidhani ni ugonjwa. Niliinama nikaokota punje nyeupe ambayo haijayeyuka, nikamwekea kiganjani.

Kinachoupa uongo huu maisha marefu ni kwamba mara nyingine urea hufanya kazi kwa siku tano. Pale ambapo maji yalikuwapo kiasi, nitrojeni husukuma majani, ua unakolea kijani, fundi anapokea hela yake na kuondoka. Mmea umetumia akiba yake kuotesha majani mapya ambayo mizizi haiwezi kuyanywesha. Wiki inayofuata ua unalala chini, na mwenye nyumba anaambiwa mbolea ilikuwa kidogo, aongeze. Hapo ndipo ninapoitwa mimi, na mara nyingi kilichobaki ni kubandua.

Chupa ya kuamsha mizizi sitaizungumza sana. Hakuna dawa ya chupa inayoweza kuupitisha mzizi kwenye pengo la hewa wala kuushusha kwenye udongo mkavu. Samadi mbichi juu ya majani mapya inaunguza kwa amonia vilevile, inaziba mwanga, na inawaletea mbegu za magugu. Jirani yako ana nia njema, ila samadi iliyooza vizuri ilikuwa na nafasi yake kabla ya kutandika, ikichanganywa na udongo uliotifuliwa kina cha sentimita 15 hivi.

Basi ukikuta ukavu, fanya hivi. Mwagilia alfajiri au asubuhi mapema, si jioni, maana jani linalolala na maji usiku kucha linawakaribisha kuvu. Siku ya kwanza toa maji mpaka udongo wa chini ulowe kina cha kiganja. Huenda ukahitaji lita 15 hadi 20 kwa kila mita ya mraba, kwa awamu mbili tatu ukiacha maji yazame katikati. Ardhi ya mfinyanzi inanywa polepole, usiilazimishe. Hakikisha kwa kunyanyua pembe ile ile na kuchomeka bisibisi chini yake: penye unyevu inazama, penye ukavu inagoma. Mpaka mizizi ishike, udongo wa chini usikauke kabisa, na mchana wa jua kali ukanda wa kando ya zege uongezee maji kidogo. Udongo ukiwa na unyevu lakini si tope, weka ubao juu ya mabamba na utembee juu ya ubao, usogeze, utembee tena, ili bamba lishikane na ardhi. Nyufa za maungio jazia udongo laini uliochekechwa. Watoto na mbwa wasipite hapo kwa wiki mbili tatu zijazo.

Mizizi ikishashika, na utajua kwa sababu bamba litakataa kunyanyuka, badilisha mtindo: maji mengi, mara chache. Ukoka ulioshika vizuri hutosheka na milimita 25 hivi kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo, yaani lita 25 kwa kila mita. Weka makopo matupu uani upime. Aliyezoea kunyunyiza kidogo kidogo kila siku anailea mizizi ya juu juu, kisha analalamika kwamba nyasi zake hazivumilii ukame.

Usikate kabla bamba halijagoma kunyanyuka. Siku hiyo ikifika, mashine iwe na kisu kikali na isiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Dawa ya magugu isikaribie kabisa mpaka umekata mara kadhaa. Magugu machache ya mwanzo yang'oe kwa mkono.

Mbolea itakuja zamu yake, baada ya wiki sita hivi, mizizi ikiwa imeshika na umeshakata zaidi ya mara moja. Hapo nitrojeni gramu 5 kwa mita ya mraba ni kiasi tosha kwa mara moja. Kwa urea hiyo ni gramu 11, kama kijiko kimoja cha chakula. Pima uone ni kidogo kiasi gani ukikitandaza kwenye mita nzima, kisha fikiria konzi zinazorushwa na watu wanaojiita mafundi. Imwage majani yakiwa makavu, na maji yafuate papo hapo mpaka punje zote ziyeyuke na kushuka.

Ninawaomba wasomaji wote, maana barua kama hii ninazipokea zikiwa zimebadilika jina tu: mtu akitaja dawa ya bustani yako akiwa bado amesimama wima, hajagusa udongo, hajauliza maji yanatoka kiasi gani, usimpe hela. Anayeuza mfuko ana sababu ya kuona njaa kila mahali. Muulize swali moja tu: mizizi imefika wapi? Kama hajui, hajatazama.

Na wewe ambaye umeshamwaga urea jana au juzi, usingoje manjano yawe kahawia. Mwagilia leo hii, lita 20 hadi 25 kwa kila mita, polepole, ili kilichobaki kishuke chini ya mizizi. Halafu zipe nyasi siku kumi. Palipoungua, ng'oa kichipukizi kimoja na ukichune hadi kwenye kitako, pale majani yanapoanzia. Kikiwa cheupe na kigumu, kiko hai, kitachipua, endelea na maji tu. Kikiwa cha kahawia na kinapondeka kati ya vidole, kata kipande hicho kwa kisu mpaka ufike palipo hai, tifua udongo wa chini, uloweshe, na utandike kipande kipya.